Ambrose Luscombe, Aliyepanda Wigo wa Miiba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Reuben, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, kazi ambayo ningefurahi kuikwepa.

Marehemu Ambrose Luscombe alizaliwa tarehe 14 Machi 1838 huko Hatherleigh, Devon, Uingereza, akasoma shule ya parokia hadi umri wa miaka tisa, kisha akashika kazi ya babu yetu, kupanda na kukata wigo kwenye mashamba ya mabwana, kazi aliyoijua kuliko sala zake. Tarehe 2 Mei 1863 alifunga ndoa na Thirza Beer, wakajaliwa mimi na dada yangu Keziah, na mwaka 1867 tukaja kwa meli hapa Taranaki, Nyuzilandi, ambako baba alipewa ekari hamsini walizonyang'anywa Wamaori, wenyeji wa nchi hii, baada ya vita, jambo ambalo hakupenda lizungumzwe mezani.

Alikuja na soksi iliyojaa mbegu za kichaka cha miiba chenye maua ya manjano, kwa kuwa mtu wa Devon haliiti shamba lake shamba mpaka alizungushie wigo huo. Mama alipofariki kwa uzazi pamoja na mtoto, tarehe 20 Juni 1874, baba aliwazika pale kilimani, akawapandia wigo ili ng'ombe wasiwakanyage, na majirani wote walimsifu. Miaka saba baadaye miiba ilikuwa imefunika kilima kizima, akaichoma moto, na mbegu zilizolala ardhini zikaamka zote, miiba ikameza malisho yetu na ya jirani yetu Bwana Garland.

Tangu hapo, kwa miaka kumi na miwili, baba alikata njia ya kumfikia mama, kila majira ya baridi akisogea, kila majira ya kuchipua njia ikijifunga nyuma yake. Nilimwambia, "Baba, si umwache mama apumzike?" akanijibu bila kugeuka, "Mama yako anapumzika, mwanangu, mimi je, nitapumzika wapi?" Nilikasirika, nikaenda zangu kukamua, na sikumsaidia hata siku moja. Najuta.

Tarehe 27 Septemba mwaka huu wa 1893 mwiba ulimchoma kiganjani, akaupuuza, pepopunda ikamfunga taya, na siku za mwisho akawa ananyoosha kidole dirishani tu, hadi alipofariki tarehe 9 Oktoba, saa kumi jioni.

Familia inamshukuru Daktari Pinfold, aliyekuja mara tatu kwa farasi kwenye mvua, na akina mama wa kanisani waliompikia supu aliyoshindwa kuimeza. Kipekee tunamshukuru Bwana Garland, ambaye hakumsalimia baba kwa miaka tisa, lakini baba alipofariki alikuja na wanawe na mapanga bila kuitwa, akasema, "Haya Reuben, tumpeleke mzee kwa mkewe." Tumekata siku tatu, ndugu zangu, mnaiona mikono yetu ilivyo. Zimebaki hatua sitini, na maiti haiwezi kungoja zaidi.

Kwa hiyo tunamzika hapa hapa njiani, tulipoishia. Baba, tumeshindwa. Pumzika kwa amani.