Kinyongo cha Yoramu

Mwaka ule shirika lilipouzwa, watu arobaini walipunguzwa kazi siku moja, na jina la Yoramu, mtunza stoo, lilikuwa la tatu kwenye orodha. Aliyeiandika orodha ni karani Nathan, rafiki yake, aliyemsimamia siku ya ndoa na kuimba naye besi katika kwaya moja. Miaka minne ikapita Yoramu hajampa mkono. Jumapili, wenzake wakienda meza ya Bwana, yeye hubaki amekaa, anatazama viatu vyake. Siku nyingine zote anashinda Majengo, kwenye benchi la Bashiri, muuza kahawa wa Kondoa, upepo unawajaza vumbi machoni. Jumanne mchungaji akamtembelea nyumbani. Jumatano kijiwe kizima kilishapata habari.

— Kasemaje? — aliuliza Elieza, mwalimu mstaafu, wenzake wakimwita Profesa.

— Nimsamehe Nathan. Kabla ya Pasaka.

— Samehe, ila kwa barua — alidakia Spika, aliyepewa jina hilo kwa kupenda kwenda kusikiliza bunge. — Nakala kwa mchungaji, nakala kwa wazee wa kanisa. Bila hivyo atakuruka.

— Barua ya nini? — Profesa akaweka kikombe chini. — Ukisamehe umefunga faili mbinguni, Mungu anaiacha kesi yako. Ngoja ahukumiwe kwanza, ndipo usamehe.

— Si atakuwa motoni huyo!

— Basi amsamehe huko huko!

Wakacheka. Yoramu hakucheka.

— Mimi simchukii — alisema. — Nataka aje kwa miguu yake, asimame hapa, aseme, "Yoramu, ni mimi niliyekuandika." Basi.

— Ulishamwambia hivyo? — Bashiri aliuliza.

— Anajua.

— Nauliza tu, maana mimi si wa dini yenu. Mnaambiwa mwende, au mngoje kufuatwa?

— Bashiri, mimina kahawa.

Birika bado liko hewani, akatokea Editha, binti wa Nathan, amejitanda khanga, macho mekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu.

— Mzee Yoramu, baba anaumwa. Leo siku ya tano hajala kitu. Kanituma nikuulize.

— Uliza.

— Anasema, alikukosea nini?

Spika akainamia kashata yake. Profesa akajikuta anakohoa. Yoramu jibu alikuwa nalo. Miaka minne amelisema njiani, kitandani, hata kanisani watu wakisali. Lakini mbele ya binti huyu halikutoka. Angeanzia wapi? Jina la tatu kwenye karatasi?

— Mwambie nitakuja kesho — alisema mwishowe. — Nitamweleza mwenyewe.

— Leo huwezi, baba?

— Kesho asubuhi.

Kazi hakuwa nayo, wala safari. Alitaka tu Nathan naye aonje kungoja, usiku mmoja. Editha akaondoka taratibu. Hakuna aliyeomba kahawa tena, na Bashiri akaanza kusuuza vikombe jua halijapanda.

Asubuhi Yoramu akavaa koti lake la kanisani, akaenda. Kutoka mbali aliona wanaume wamekaa nje kimya, na mikeka imetandikwa uani. Mjane wa Nathan akamwona, akainuka, akamshika mikono yote miwili.

— Alikesha, shemeji — alisema. — Kila mlango ukilia, anauliza kama ni wewe.