Bwembya Kapasa, Aliyewafundisha Mabosi Kusikiliza (1967–2019)

"Baba Mutale, umerogwa! Unaacha kazi yenye nyumba na umeme, eti ukawafundishe mabosi kusikiliza! Tutakula nyasi mpaka mbuzi watuhurumie! Hata mganga hupewa kuku, wewe utarudi na makofi!"

Hayo ni maneno ya mjane wetu, Mama Mutale, mwaka 2008, na mtaa mzima wa Wusakile uliyasikia. Marehemu alijibu, "Makofi nayo ni mwanzo, mke wangu." Mimi Zulu, Mngoni niliyemwoa dada yake, nimepewa kusoma wasifu huu kwa sababu Wangoni na Wabemba ni watani, na mtani haogopi msiba. Wabemba, mkitaka kununa, nuneni kimya kimya.

Marehemu alizaliwa Luwingu tarehe 3 Agosti 1967, mtoto wa nne wa mzee Kapasa na mama Chola. Mama yake alikuwa akisema huyu alitoka tumboni akitoa amri. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Luwingu, kisha sekondari Kasama, akamaliza 1986. Alikuwa kiranja. Wenzake wanasema mwalimu wa zamu hakuhitaji filimbi.

Mwaka 1988 alikuja hapa Kitwe, akaingia mgodini, na hakuchelewa kuwa msimamizi wa zamu. Tarehe 17 Septemba 1994 alifunga ndoa na Exildah Kunda, ndiye Mama Mutale. Siku hiyo aliwapanga wapiga ngoma mistari kama wachimbaji wanaosubiri lifti. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Chini kule mgodini, kabla ya kuanza kazi, mtu hugonga mwamba wa juu kwa mtarimbo na kusikiliza. Mwamba mzima hulia kama kengele. Uliolegea hulia kama ngoma. Mwezi Mei 2006 mzee Sichone, mchimbaji wa zamu yake, aligonga, akasikia ngoma. Lakini asubuhi ile marehemu alikuwa amepiga kelele, "Nataka mawe, sitaki hadithi!" Mzee akanyamaza, akaendelea na kazi. Jiwe likamwangukia.

Kwenye matanga ya mzee, mchimbaji mwenzake alimwambia marehemu mbele ya watu wote, "Alisikia, bosi. Alikuogopa wewe kuliko jiwe."

Tangu hapo marehemu hakupaza sauti tena, hata kwa kuku wa jirani. Miaka miwili baadaye aliacha mgodi, akasomea Lusaka, akarudi anajiita kocha wa viongozi. Baba mkwe wake akafurahi sana. "Hongera, mwanangu! Timu yenu iko daraja la ngapi?" Marehemu akaeleza saa nzima. Mzee akatikisa kichwa. "Sawa, nimeelewa. Na golikipa mnaye?"

Tulicheka, lakini kazi aliijua. Alimkalisha meneja wa benki au mkuu wa shule, akamuuliza, "Nani kazini kwako anakuogopa?" halafu akakaa kimya mpaka mtu jasho limtoke. Wengine walilia. Mama Mutale mwenyewe alikiri, "Huyu ndiye mume niliyemtaka. Amechelewa tu kufika." Marehemu alisema mara nyingi kwamba aliletwa duniani kwa kazi hiyo.

Mwaka 2015 mgodi ukamwita aje kufundisha mabosi wake. Aliingia getini amevaa tai, akitabasamu kama bwana harusi. Mabosi wakajifunza kuuliza, "Mnaonaje?" Wachimbaji wakaangalia viatu. Ndipo marehemu akamfuata mdogo wake, Kapembwa, aliyekuwa bado anachimba. "Wewe anza kusema, mdogo wangu. Hawa nimewafundisha mimi. Hakuna atakayekugusa."

Kapembwa akasema. Alisema hewa ya chini ni mbaya, na wenzake wakamuunga mkono. Meneja akawasikiliza bila kuwakatiza, akawatazama machoni, akawashukuru. Mwisho wa mwezi wote waliosema waliachishwa kazi. Waliachishwa kwa adabu kubwa: viti, maji baridi, na swali, "Unajisikiaje?"

Marehemu alikwenda kumwona meneja. Akasikilizwa vizuri sana.

Vumbi la mgodini lilikuwa limekaa mapafuni siku nyingi. Alianza kuugua 2017, akawa anakohoa kati ya neno na neno, lakini kufundisha hakuacha, na mgodi ule ule ukawa bado unamwita. Alilazwa usiku wa Jumatatu, akafariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa kumi alfajiri.

Ameacha mjane, Exildah, watoto Mutale, Chanda na Kabwe, wajukuu wawili, dada yake ambaye ni mke wangu, na mdogo wake Kapembwa, ambaye hakuwa amekanyaga kwake miaka minne.

Kapembwa alikuja asubuhi ya Jumatatu ile ile. Mama Mutale akamwekea ugali na viwavi vya kukaanga, hakugusa.

"Kaka, zamani mlitutukana, tukala. Sasa mnatusikiliza, tunalala njaa. Mimi sikuja kudai kitu. Niambie tu: ulijua, au na wewe walikudanganya?"

Marehemu alivuta pumzi. Tulidhani anataka kujibu. Alisimama, akavaa koti. Mama Mutale akasema, "Baba Mutale, mjibu mwenzio!" Gari la mgodi lilikuwa linapiga honi nje. Akachukua begi lake, akafungua geti, akatoka.

Apumzike kwa amani, mahali ambapo hakuna wa kumuuliza.