Ayeeyo Ugbad Aliyelala Darasani

Wasikilizaji wapendwa, kaeni vizuri. Jioni hii tunamkumbuka mama mmoja aliyefanya kazi kubwa akiwa amefumba macho. Ni Ugbad Bulle, ambaye mji mzima ulimwita Ayeeyo, yaani bibi. Ametutoka wiki iliyopita, hapa hapa Garissa. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ayeeyo hakuwa muuguzi. Shule aliiona kwa nje. Lakini binti yake, Weris, anaongoza mpango wa kuwaandaa wauguzi wawe walimu wa wauguzi. Wanatafutwa watu wa huku kwetu, Wajir, Mandera, Masalani, kwa sababu walimu wa mbali huja na sanduku na kuondoka na barua ya uhamisho. Na kila anayetaka ualimu sharti afundishe somo moja, kwa Kisomali, mbele ya Ayeeyo. Ayeeyo akilala, umeanguka.

Narudia, wasikilizaji. Akilala, umeanguka. Sisi wa shule za bweni tukilala darasani tunafyeka nyasi. Ayeeyo aliletwa kwa tuk-tuk, akawekewa kiti chini ya pangaboi, akapewa chai.

Weris anasema: "Nilimwambia, 'Hooyo, mama yangu, angalau jifanye uko macho.' Akanijibu, 'Kwani mgonjwa atajifanya?'"

Sasa tumtaje Hamse, muuguzi kutoka Eldas. Aliutaka ualimu kuliko chochote. "Kule niko peke yangu," alituambia. "Mikono miwili, foleni mpaka nje." Alikuwa ameshaanguka mara mbili. Mara ya pili, kwa heshima zote, marehemu alikoroma. Iliyobaki ilikuwa nafasi ya mwisho.

Siku hiyo Hamse aliingia bila chati. Aliweka mezani jagi la maji safi, birika la maziwa ya ngamia, na pakiti ya ORS, ile dawa ya mtoto anayeharisha.

"Ayeeyo, mjukuu wako anaharisha tangu asubuhi. Nionyeshe utakavyofanya."

Ayeeyo akachana pakiti. Akaimimina yote kwenye maziwa.

Weris akafunika uso. Mwenzake Hamse, Issack, akacheka kwa nguvu: "Walaal, ndugu yangu, leo umemaliza mtoto!"

Hamse hakumsahihisha bibi. Aliuliza tu, "Kwa nini maziwa, Ayeeyo?"

"Maji ni ya mbuzi! Mtoto wangu mgonjwa nimpe maji matupu, majirani waseme tumefilisika?"

Hamse alikaa chini. Miaka yote kule Eldas aliwaambia akina mama, "Changanya na maji," nao waliitikia kwa kichwa, na watoto walirudi hoi. "Nilidhani hawasikii," anasema. "Kumbe walikuwa wanaona aibu."

Basi wakabishana. Hamse akaeleza kwamba dawa hii inataka maji safi, na kwamba kwenye maziwa haifanyi kazi yake. Maziwa yabaki chakula cha mtoto, pembeni. Ayeeyo akapinga, akauliza, akaonja, akakunja uso. Chai ikapoa. Mwishowe akamgeukia binti yake: "Na wewe na vyeti vyako, mbona hukuwahi kuniuliza?"

Hakulala, wasikilizaji. Hakulala hata kidogo. Hamse akapita.

Asubuhi baada ya mazishi, Hamse alikuwa na darasa jipya. Alitaka kuliahirisha. Weris alimkatalia: "Hooyo amelala mara nyingi kwa sababu yenu. Leo amelala kwa haki yake. Nenda ukafundishe." Akaenda.

Kwa Weris, kwa wajukuu na jamaa wote, poleni sana. Mwenyezi Mungu amlaze Ayeeyo mahali pema. Hapo mtanisamehe, hakuna aliyestahili zaidi kulala pema.

Nasi tuliobaki tutafakari jambo moja. Ukimweleza mama yako kitu naye akaitikia kwa kichwa, usiinuke haraka. Muulize atakwenda kufanyaje nyumbani. Kisha nyamaza mpaka ajibu.