Karibu, Fundi Aliyeinuka kwa Kila Mgeni

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Karibu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu kati ya watano. Ninayewasomea ni mdogo wake, kitinda mimba, niliyebebwa sana mgongoni mwake, kwa hiyo nikimsifu kupita kiasi mtanivumilia.

Alimaliza darasa la nane mwaka 1966. Hesabu aliziweza, ila mwandiko, tuseme ukweli, hata yeye ulimshinda kuusoma.

Mwaka uliofuata mjomba alimchukua akamfundisha ushonaji, na mwaka 1976 akafungua kibanda chake nyuma ya soko, chenye cherehani mbili na kioo kilichopasuka pembeni. Mteja hakuwahi kumkuta ameketi. Mlango ukilia tu, yeye ameshainuka: "Karibu, karibu." Aliwainukia hata watoto waliotumwa vifungo.

Wifi yangu alikwenda kupunguziwa sketi. Fundi akainuka, mdomo umejaa pini, akabaki anaguna tu. Wifi alimcheka mpaka akasahau sketi yake kibandani, ikabidi arudi kesho yake. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977, wakajaliwa watoto watatu.

Tarehe 2 Februari 2021 alipatwa na kiharusi. Alitoka hospitalini mkono wa kushoto ukiwa mzito, lakini maneno yapo na utani upo. Jumapili ya kwanza tulimiminika kumwona, mmoja mmoja, naye akamwinukia kila aliyeingia. Alipomwinukia rafiki yake kinyozi, macho yalimgeuka, akaanguka.

Daktari alitueleza bila haraka. Ubongo wenye afya hujirekebishia damu wenyewe: mtu akisimama na presha ikashuka, mishipa ya ubongo hujitanua ili damu isipungue, presha ikipanda, hujibana. Kiharusi kilikuwa kimevuruga uwezo huo. "Sasa ubongo wake unapokea chochote presha inacholeta," alisema. "Akiinuka ghafla, unakosa damu. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, miguu chini, asubiri."

Jamani, kumwambia Karibu asubiri. Wifi aliishi roho mkononi. Akimshika bega, mume ananuna.

"Umenifanya mgonjwa mbele za watu," alimwambia siku moja.

"Nimekufanya mume nitakayemkuta kesho," wifi akamjibu, akaenda kulia jikoni.

Kisha wifi akapata wazo. Wageni tukaketishwa sebuleni kwanza, na kaka akatolewa chumbani mwisho, taratibu, akiwa ameshakaa ukingoni mwa kitanda na kutulia. Alipotokea mlangoni, sisi ndio tuliosimama. "Karibu," tukamwambia. Alitoa machozi, nasi hatukuweza kujizuia. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi ya nyumba ile, na hakuanguka tena.

Kiharusi cha pili kilimjia usingizini, akafariki alfajiri ya tarehe 9 Juni 2023, mkewe akiwa ubavuni.

Ameacha mjane, mabinti wawili na mwana mmoja, wajukuu sita, dada yake mkubwa na mimi. Wifi ameniomba niongeze neno lake: kwamba katika miaka ile miwili ya ugonjwa waligombana kuliko miaka yote iliyotangulia, na kama angerudishiwa leo, angegombana naye tena kila asubuhi.

Lala salama, kaka. Mwenyezi Mungu akupe pumziko la amani.