Mwalimu Wistin Zerafa Aagana na Jukwaa la Siku ya Zawadi

Wapendwa wazazi na wafanyakazi wenzetu, tunawasalimu kwa jina la Bwana. Mnaendeleaje na joto hili? Wagonjwa wamepata nafuu? Sisi shuleni ni wazima, kwa neema ya Mungu.

Mwalimu Wistin anastaafu tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha useremala katika shule yetu hapa Malta. Muda wote huo ndiye aliyeandaa jukwaa la Siku ya Zawadi. Meza ya kuhutubia aliikata miguu kidogo kidogo kila mwaka, hadi wageni rasmi wakawa wanasoma wameinama. Hotuba zilifupika sana.

Kijiji chetu kina klabu mbili za bendi, Wekundu na Wabluu, na kila nyumba inajua upande wake tangu ubatizo. Mwaka mmoja mkuu wetu wa shule, Sista Pulkerja, alikuwa ndiyo kwanza amehamia kutoka kisiwa jirani cha Gozo. Mwaka ule alitundika pazia jipya la bluu nyuma ya jukwaa, bila nia yoyote mbaya. Zawadi ya hesabu ilikuwa ya Analise, ambaye babu yake hupiga ngoma kubwa ya Wekundu. Mtoto alikuwa ameihangaikia mwaka mzima. Bibi yake, Bi. Ċetta, alipoliona pazia alimvuta mkono akamketisha.

“Mjukuu wangu hapiti mbele ya kitambaa kile. Zawadi yake bakini nayo.”

Analise akaanza kulia kimya kimya. Jukwaani mgeni rasmi alikuwa anahutubia kuhusu umoja.

Mwalimu Wistin akaleta ngazi, akapanda nyuma ya mgeni, akalifungua pazia kulabu moja moja. Likaanguka. Nyuma yake kulikuwa na mafagio na punda wa mbao wa mchezo wa Krismasi. Mgeni alidhani watu wanacheka mzaha wake, akaongeza mwingine. Wabluu nao wakasimama, wakaanza kuwakusanya watoto wao waondoke.

Mwalimu akasema, bado yuko juu ya ngazi: “Jamani, anayelitaka pazia, ngazi hii hapa, nashuka. Aje alitundike huku mtoto huyu anamtazama.”

Waliosimama waliketi. Analise akapanda, akapokea zawadi yake, kamusi. Bi. Ċetta alipiga makofi kuliko wote, kisha akauliza kwa nini punda ana sikio moja.

Mwalimu, asante sana. Mungu akutunze wewe na mkeo Karmena, na Bikira Maria awaombee. Uzeeni kwako kuwe na amani.

Chakula cha kumuaga kitakuwa Jumapili, katika ua wa shule, baada ya misa ya saa nne asubuhi. Klabu zote mbili ziliomba kumpigia muziki. Amezikubalia zote, kwa sharti zipige wimbo mmoja, pamoja. Mazoezi yalianza jana, na mpaka sasa wamekubaliana kuhusu viti tu.

Tafadhali tujibuni mapema kama mtakuja.