Usimuue Mama Ragab

NAGWAN: Haloo? Nani mwenzangu?

WAGDI: Nani mwenzako! Baba yako.

NAGWAN: Baba? Mbona namba hii si—

WAGDI: Simu ya Bi Ikram, jirani. Yangu imekwisha salio. Asalaam aleikum kwanza.

NAGWAN: Waaleikum salaam, baba. Swaumu inakwendaje huko Mansura?

WAGDI: Inakwenda. Kichwa kinagonga kwa kukosa chai, lakini inakwenda. Uko wapi, mbona makelele?

NAGWAN: Niko studio. Tunapiga picha sehemu ya ishirini na nane, inaonyeshwa usiku huu huu baada ya futari, na watu sitini wananikodolea macho. Kuna nini? Kuna mgonjwa?

WAGDI: Hakuna. Yaani... yupo.

NAGWAN: Nani? Baba, nani?

WAGDI: Mama Ragab.

NAGWAN: Mama Ragab yupi?

WAGDI: Muuza achari! Yupi tena? Jana kaanguka mbele ya mapipa yake, kashika kifua, mkatupigia muziki, mkakata. Huo ni uungwana?

NAGWAN: Baba... wewe unatazama tamthilia yangu?

WAGDI: Mimi? Mimi nina muda wa uongo? Nilikuwa napita. Televisheni ilikuwa imewashwa.

NAGWAN: Nyumba nzima mko wewe na paka.

WAGDI: Basi paka ndiye kawasha! Sikiliza—

NAGWAN: [anacheka] Miaka kumi na tisa, baba! Tangu nilipoacha masomo ya famasia unawaambia watu nafanya kazi ofisini!

WAGDI: Kwani studio haina meza? Usinikatize, salio la watu hili. Jambo lenyewe: tangu asubuhi duka halipitiki. Anayetaka dawa hayupo. Wote, “Daktari Wagdi, binti yako kakwambiaje, anakufa au hafi?” Mpaka imamu kaingia, kajifanya anataka matone ya macho.

NAGWAN: Ukamjibuje?

WAGDI: Hafi.

NAGWAN: Baba!

WAGDI: Nikaapa.

NAGWAN: Mwezi wa Ramadhani, unaapa kwa jambo usilo—

WAGDI: Ndiyo maana nakupigia sasa, kabla halijawa uongo!

[mtandao unakwaruza]

NAGWAN: Haloo? Baba? Wee baba, umechelewa. Yuko kwenye machela hivi ninavyosema. Kapakwa poda, midomo imeshatiwa weupe. Wenye kituo wanataka watu walie wiki ya mwisho.

WAGDI: Na mkubwa hapo ni nani?

NAGWAN: Mkubwa?

WAGDI: Wa kusema ndiyo au hapana.

NAGWAN: Safari hii... mimi. Mwandishi mimi, mtayarishaji mimi. Ndiyo mara ya kwanza.

WAGDI: Basi! Bi Ikram, umesikia? Mkubwa ni yeye! ... Anasema Mama Ragab akiishi, yeye atakuletea kunafa ile tamu, sinia zima. Kwa basi.

NAGWAN: Mwambie namshukuru, lakini baba, hadithi haibadilishwi kama sahani ya—

WAGDI: Nagwan.

NAGWAN: Naam.

WAGDI: Huyo mwanamke umemtoa wapi?

NAGWAN: Nimembuni tu.

WAGDI: Umembuni. Anafunga leso mara mbili akikasirika. “Pipa la achari halifunguliwi na mwenye hasira.” Hayo nayo umeyabuni?

NAGWAN: Hayo ya mama.

WAGDI: Na ile tamthilia ya mwanzo kabisa, ya mwalimu wa mabinti? Jina lililoandikwa lilikuwa la yule bwana mwenye masharubu. Mwalimu akafungua mdomo, akasema maneno hayo hayo.

NAGWAN: Ulijua ni mimi niliyeandika?

WAGDI: Haikufika dakika ya tatu. Nikamwita mama yako atoke jikoni.

NAGWAN: Mama aliiona?

WAGDI: Zote. Akitazama kasimama, mwiko mkononi. Eti akikaa atalia.

NAGWAN: Hakuna aliyeniambia. Baba, mimi miaka ile nilikuwa naandika kwenye ngazi za studio, nawaandikia watu, jina langu halipo, nikisema angalau nyumbani wange—

WAGDI: Najua.

NAGWAN: Hata simu moja tu.

WAGDI: Najua, mwanangu. Si ndiyo napiga?

[mtandao unakwaruza]

NAGWAN: Baba? Umepotea?

WAGDI: Nipo. Nimeingia nyuma ya rafu, Bi Ikram ana masikio marefu. Unajua, Nagwan... siku ile mama yako alipoanguka, mimi nilikuwa na duka zima la dawa. Rafu mpaka darini. Duka zima.

NAGWAN: ...Baba.

WAGDI: Wewe una kalamu. Basi.

NAGWAN: Usikate. Usikate hiyo simu! — Jamani! Ondoeni machela! Ndiyo, ondoeni! Mfuteni poda! Hafi mtu leo!

WAGDI: Wanasemaje?

NAGWAN: Mwongozaji kajishika kichwa, anazunguka kama kuku. Mama Ragab mwenyewe alikuwa kasinzia kwa swaumu, kakurupuka, anauliza kwani ameshakufa! [anacheka, anapenga kamasi] Haya, daktari, nipe sababu. Watazamaji si wajinga. Atapona vipi?

WAGDI: Aspirini! Atafune, asimeze nzima. Hiyo kwanza, mengine hospitali.

NAGWAN: Nani anampa?

WAGDI: Kwani mtaa wenu hauna mfamasia? Yule mnunaji, asiyecheka na mtu. Huyo naye umemtoa wapi?

NAGWAN: Nimembuni.

WAGDI: Mimi nacheka, Nagwan.

NAGWAN: Nani kakutaja wewe?

WAGDI: Nacheka sana tu! Muulize Bi— haya, haya, Bi Ikram anavuta simu yake, anasema salio—

NAGWAN: Baba, Idi nakuja! Umesikia? Nakuja kukaa!

WAGDI: Njoo. Ila andika kwanza. Huyo mfamasia afike mapema. Umeandika? Mapema. Asisubiri gari, asifunge duka, atoke hivyo hivyo—

NAGWAN: Nimeandika, baba. Mapema. Baba?

[simu imekatika]

NAGWAN: Haloo? ... Jamani, mfamasia wetu yuko wapi? Mwambieni avae viatu vyepesi. Leo anakimbia.