Pleya ya Castory Yatafutiwa Miguu

Kijiwe chetu cha Mafiga ni benchi moja lililoegemea ukuta wa nyumba ya Castory, na birika la kahawa la Mzee Stambuli. Mwanamke anayekaa hapo ni mimi peke yangu. Tangu wasikie nashiriki midahalo chuoni wananiita Hoja, halafu hoja zenyewe hawazisikilizi. Jumamosi ile Castory alitoka ndani jasho linamtiririka. Mama mkwe wake alikuwa njiani kutoka Mlali, anakuja kusikiliza santuri ambamo marehemu mumewe alipiga gitaa na bendi ya wafanyakazi wa shamba la miwa. Nakala nyingine haipo. Na kila besi ikigonga, sindano inaruka, gitaa la mzee linapotea.

— Nimekata ndala, nikaweka vipande chini ya pleya viwe miguu, alisema Castory. Bado inaruka kama chura!

— Ndala za wapi? aliuliza Hafidhi, muuza viungo vya Kinole. Tunamwita Injinia kwa sababu aliwahi kufungua redio. Kuifunga ndiko kulikomshinda.

— Za bafuni.

— Umeona? Hizo zimezoea kuteleza. Tafuta mipira ya tenisi, ikate nusu nusu.

Nikaingilia:

— Castory, spika umeziweka wapi?

— Juu ya kabati la vyombo.

— Na pleya?

— Hapohapo, katikati ya spika.

— Basi spika zinatikisa kabati, kabati linatikisa pleya. Shusha spika sakafuni.

— Sakafuni? Kama ndoo za maji? Mkwe wangu aingie, akute spika zimepiga magoti?

Mzee Stambuli akaniongezea kahawa, kama mtu anayemnyamazisha mtoto kwa maziwa.

— Tulia, Hoja. Castory, miguu ya kabati itumbukize kwenye makopo ya maji, kama tunavyozuia sisimizi wasipande kitandani. Mtetemo haujui kuogelea.

— Lakini mzee wangu, mtetemo uko juu ya kabati tayari! Unauzuia usipande wapi?

— Kunywa kahawa, binti.

— Maji hayatoshi, alisema Injinia. Weka vipande vya mgomba mbichi. Mgomba unameza hata panga.

— Ukioza? aliuliza Castory.

— Unabadilisha, kama maua.

— Nyie hamjui, alisema Mzee Stambuli. Shida ni Uluguru. Mlima ule unavuta besi. Geuza kabati liupe mgongo.

— Mzee, nyumba yangu yote imeupa mgongo!

— Basi geuza nyumba.

Nikasimama.

— Jamani! Spika! Sakafuni!

— Hoja, punguza kelele, alisema Injinia. Watu tunafikiri.

Hapo akatokea Jonathan, mpangaji wa chumba cha pili, ambaye dirisha lake linatazama benchi letu. Hata hajakaa, akauliza:

— Kwani spika lazima zikae kabati moja na pleya?

Injinia akashika kifua.

— Mnamwona huyu? Hiki ndicho kichwa!

Mzee Stambuli akammiminia kikombe mpaka kikafurika. Castory akakimbilia ndani kushusha spika. Mimi nikapaliwa na kashata.

Mama Eufrazia, mkwe wa Castory, alipofika tulimwamkia, akaketi nasi chini ya dirisha la Castory. Castory, kwa adabu ya ukwe, alisimama mbali. Santuri ikaanza, na safari hii gitaa likatembea bila kuruka. Mama akajifuta macho kwa khanga.

— Hapo, alisema. Hapo alikuwa anakosea kila siku. Sikilizeni, amekosea tena!

Akacheka mpaka wimbo ukaisha. Kisha akatugeukia.

— Naambiwa asubuhi ilikuwa inaruka. Nani aliyewaambia mshushe spika?

Injinia akapuliza kahawa iliyokwishapoa. Mzee Stambuli akatikisa birika, asikilize kama kuna kitu ndani. Jonathan akainua mkono nusu, macho yetu yakakutana, akajikuna nao kisogo. Castory akautazama mlima.

Nikakunja mikono, nikasubiri.